Sauti ya Pili ya Mama

Nilikuwa naparua magamba ya sato uani kwangu, hapa Bweri, Musoma, simu ilipoita. Alikuwa kaka yangu Magesa, anapiga kutoka Bunda. Hakusalimia. Alisema tu, "Mwalimu Mafuru amefariki asubuhi hii," kisha akangoja niseme lile neno la pole ambalo watu wazima hulisema. Nikamuuliza kama aliugua muda mrefu. Akasema miezi mitatu.

"Mitatu tu?" nikauliza.

Magesa akakata simu. Nikaendelea kuparua samaki. Mikono ilikuwa inanuka ziwa, na bila kutaka nikajikuta naimba, si ile sauti ya juu ambayo kila mtu anaijua, ila ile ya chini yake. Nikaimba mpaka samaki akaisha magamba. Basi nimeona niieleze habari hii mara moja, niwaeleze ninyi wa rika langu mliokua kwenye kwaya za watoto, mkijua utamu wa kuimba na mkijua pia vile watu wa kanisani wanavyoweza kukuumiza huku wametabasamu.

Tulikuwa Walutheri wachache Bunda. Wengi walikuwa Wakatoliki na Wasabato, na majirani zetu wawili hawakuwa na dini yoyote ya Jumapili. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma na bati lililopiga kelele mvua ikinyesha, lakini muziki wetu ulikuwa mkubwa kuliko sisi. Tulikuwa na tarumbeta sita na kwaya ya watu ishirini na kitu. Kila mwaka, wiki ya kuelekea Sikukuu ya Matengenezo, wapiga tarumbeta walikaa nje ya kanisa kwenye benchi wakisugua vyombo vyao kwa limau na majivu, na harufu hiyo ikatufikia mpaka kwenye darasa la Sunday school. Tukijua sikukuu imekaribia, hatukusikia tena mafundisho.

Lazima niseme jinsi nilivyolielewa neno lenyewe. Matengenezo mimi niliyajua kutoka kwa fundi baiskeli wa jirani, ambaye kibao chake kiliandikwa neno hilohilo. Mchungaji alipotusimulia juu ya mtawa wa Ujerumani aliyepigilia karatasi kwenye mlango wa kanisa kwa nyundo, nikaona picha yote: mlango ulikuwa umelegea, na yule mtu akautengeneza. Kwa hiyo nikaamini hii ni sikukuu ya kutengeneza vitu. Kila kilichovunjika mwaka mzima, Mungu anakitengeneza siku hiyo, mbele ya watu, tarumbeta zikilia. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa na kitu kimoja nilichotaka kitengenezwe.

Baba yetu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alifanya kazi kwenye kinu cha pamba, akaugua kifua, akaenda. Mama alibaki na Magesa, mimi, na shamba la pamba la ekari moja na nusu nje ya mji. Watu walimwita Mama Magesa. Alizaliwa Butiama, binti wa mwinjilisti, na babu yetu huyo ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika nota, zile za do, re, mi. Alikuwa anaandika nota kama watu wengine wanavyoandika barua. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, ile inayokaa katikati, ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane.

Baada ya msiba alianza kutunga wimbo. Sikuambiwa kwamba anatunga. Nilimsikia tu tukichambua pamba jioni, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule, akivuma mstari mmoja siku nzima, kesho yake mwingine. Halafu anafuta mikono kwenye kanga, anachukua kaunta buku, anaandika herufi ndogondogo. Wimbo ulikuwa wa Sikukuu ya Matengenezo, wa mtu aliyebaki amesimama wakati nyumba yake imeanguka. Aliandika sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne. Ya pili hakuiandika. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Ya pili si yangu? Naiimbaga mwenyewe, niiandike ya nini?"

Mwalimu Mafuru ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Sitaki kumsema kama shetani, maana hakuwa na sura hiyo. Alikuwa mrefu, mwenye viatu vyeupe, na sauti ya tatu, ya kiume ya juu, ambayo ikipanda hata mbuzi nje walinyamaza. Kwenye mazishi ya Baba ndiye aliyeongoza nyimbo, jua kali, bila kofia, mpaka mwisho. Akinikuta njiani alinipa pipi ya kijiti. Nilimpenda. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nisingemchukia vile kama nisingeanza kwa kumpenda.

Alikuja nyumbani akaomba kaunta buku. "Mama Magesa, nimesikia una kitu. Nipe nikakinakili vizuri, nikipitishe kwa wazee." Mama akampa kwa mikono miwili. Wiki tatu baadaye kitabu kikarudi. Kurasa nne za katikati hazikuwepo. Zilikatwa kwa wembe, kwa ustadi, huwezi kujua mpaka uhesabu kurasa kwenye uzi wa katikati.

Jumapili iliyofuata Mwalimu Mafuru akasimama mbele akatangaza wimbo mpya, "utunzi wangu mimi mwenyewe, Bwana amenipa usiku." Kwaya ikaimba. Sauti ya pili wakaimba pamoja na ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuimba. Mama alikuwa mstari wa pili wa kwaya, amevaa joho lake la zambarau, mdomo umefungwa. Baada ya ibada alimfuata palepale mlangoni, watu wakipeana mikono.

"Mwalimu, umesahau jina."

"Jina gani, Mama Magesa?"

"La mtunzi."

Mafuru akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto. Akasema kwa sauti, watu wasikie, "Majonzi nayo yana mambo yake, jamani. Tumwombee dada yetu."

Wazee wa kanisa wakamwita kikaoni. Alikwenda akarudi, akatueleza Magesa na mimi kwa maneno machache huku akimenya viazi. Wamemwambia ana kiburi. Wamemwambia analeta mafarakano. Wamemtaka aombe radhi mbele ya kwaya. "Nikawaambia, naomba radhi ya nini?" alisema. "Wakaniambia nikae pembeni mpaka nijue."

Kesho yake katibu wa kwaya akaja kuchukua joho. Lilikuwa kwenye kamba, Mama amelifua, linachuruzika maji. Yule katibu hakungoja likauke. Alilikunja hivyohivyo likiwa bichi, akalitia kwenye mfuko wa rambo, na alipokuwa anaondoka maji yalikuwa yanadondoka nyuma yake mpaka barabarani. Mama alisimama mlangoni akitazama. Akaingia ndani.

Hakusema kitu siku hiyo wala mwezi uliofuata. Nilimwona anachambua pamba, anapika, anaenda ibada na kukaa benchi la nyuma, ananyamaza. Nikajua ameshindwa. Nilimwona kama mtu aliyepigwa mpaka akakubali. Ndipo nikaamua kwamba kama yeye ameshindwa, mimi sijashindwa, na Sikukuu ya Matengenezo inakuja.

Mafuru alikuwa na wimbo wote isipokuwa sauti ya pili. Sauti ya pili nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimeisikia mara mia kwenye pamba, Mama akiivuma. Nilijua mstari wa tatu, pale sauti ya kwanza inapopanda ngazi mpaka juu kabisa, ya pili inakataa kupanda. Inakaa kwenye mi, mi, mi, kama mwanamke aliyeketi mlangoni mwake na hatoki. Nilikuwa nikiisikia pale, nywele za mkono zinasimama.

Nikawafundisha watoto wa Sunday school. Tulikuwa kumi na mmoja. Niliwafundisha bombani tukipanga foleni ya ndoo, na njiani kutoka shule. Niliwaambia ni siri ya sikukuu, na nikawatisha kwamba atakayesema ataota jipu ulimini. Nilikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Mtoto mmoja alikuwa akikosea, nikamfinya. Nilikuwa na picha kichwani: tunasimama, tunaimba, watu wote wanageuka, wanajua, na Mafuru anashuka ngazi za mbele akilia. Mama analetewa joho lake, kavu, limepigwa pasi.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kitambaa chekundu mezani, tarumbeta zinang'aa. Kulikuwa na mgeni kutoka Musoma, mwanamke mwembamba mwenye miwani ambaye alisimamia muziki wa sharika zote za huko. Wote walimwita Mwalimu Nyangeta. Alikuwa anabeba uma wa sauti mfukoni mwa koti, akiugonga kwenye goti kupata do. Watu walisema alishawahi kuisimamisha kwaya katikati ya wimbo mbele ya wageni kwa sababu besi ilishuka nusu sauti.

Kwaya ikasimama kuimba wimbo wa Mama. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili nikasimama, na watoto kumi wakasimama nami kwenye mkeka wa mbele, tukaanza.

Siwezi kueleza vizuri. Wimbo ule ulikuwa nyumba yenye kuta tatu, na sisi tukaleta ya nne. Niliona wanakwaya wanatutazama na macho yao yakabadilika. Mpiga tarumbeta mmoja alishusha chombo chake asikilize. Tulipofika mstari wa tatu tukakaa kwenye mi yetu, sauti ya kwanza ikapanda juu yetu, na kanisa zima likavuta pumzi. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti. Wimbo ukaisha.

Nikamtazama Mafuru. Nikangoja.

Alikuwa amepauka. Nililiona hilo, hakuna atakayeninyang'anya. Kwa muda wa kama kuhesabu tano alikuwa mtu aliyekamatwa. Halafu akafungua mikono yake mirefu, akatabasamu, akasema, "Bwana asifiwe! Hawa watoto niliwaandaa kimyakimya, iwe zawadi yangu kwa usharika." Watu wakapiga makofi. Akaja akanishika kichwa mbele ya wote. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. "Huyu ndiye kiongozi wao," akasema. "Binti yangu."

Nilifungua mdomo niseme, na sauti haikutoka. Mpaka leo sijui ilienda wapi. Mwalimu Nyangeta akasimama akasema wimbo huu lazima uimbwe sharika zote. Akamtaka Mafuru afike Musoma baada ya wiki mbili, kwenye semina ya waimbaji, na nota za sauti zote nne, zikachapwe.

Nilitafuta macho ya Mama kwenye benchi la nyuma. Alikuwa ameshatoka.

Nyumbani nilimkuta ameketi kwenye kigoda. Nilidhani atanikumbatia. Alinitazama, akasema, "Nani alikutuma?"

"Nilitaka wajue, Mama."

"Wamejua nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kilikuwa kimebaki kitu kimoja ambacho hana. Kimoja. Ule wimbo ungechechemea mikononi mwake mpaka uzeeni, na kila akiuimba angejua kwa nini. Sasa umeenda ukampa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukimya wake wote ule haukuwa wa kushindwa. Alikuwa amekalia kitu. Alikuwa analipiza kila Jumapili, kwenye benchi la nyuma, kwa kufunga mdomo. Na mimi kwa ujuaji wangu nikaenda nikakifungua. Nililia mpaka nikatapika. Mama aliniacha nilie. Baadaye akaja akanifuta uso kwa upande wa kanga, akasema kitu ambacho hakikuwa cha kunibembeleza.

"Ameisikia mara moja tu. Hawezi kuiandika. Atakuja."

Alikuja siku ya nne, na kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Mama alimpa kile kigoda kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti.

"Mama Magesa," alianza, "yaliyopita tuyaache. Wimbo ungebaki kwenye kaunta buku wakati huu wote, nani angeusikia? Mimi nimeupa miguu. Sasa Musoma wanataka sauti nne. Nisaidie hiyo ya pili, nami nitaongea na wazee, urudi kwayani."

"Na jina?"

"Jina..." Akageuza kofia yake mikononi. "Jina limeshapelekwa, mama. Nitaonekana vipi?"

Nilingoja Mama amfukuze. Nilikuwa tayari kumletea mchi. Badala yake akasema kwa upole, "Kweli. Utaonekana vibaya. Lete karatasi."

Aliandika pale pale, mbele yake, kwa kalamu ya bluu, bila kuimba. Mimi nilisimama begani kwake. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu, pale ambapo ni mi, mi, mi, nikamwona anaandika fa. Fa, fa, fa. Nilijua amekosea. Niliwaza huzuni imemchanganya, au mkono umechoka. "Mama, hapo..." nikaanza.

Kisigino chake kikashuka juu ya vidole vyangu vya mguu kwa nguvu zote. Hakuinua hata macho. Mafuru akaipokea karatasi, akaitazama juu mpaka chini huku akitikisa kichwa kama mtu anayesoma. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Ndiyo hiyo niliyoisikia."

Alipoondoka, Mama aliichukua ile sukari akawamwagia sisimizi.

Siku ya semina alituvalisha nguo za Jumapili, Magesa akabaki na shamba, sisi wawili tukapanda basi la Musoma. Nje ilikuwa ng'ombe na vichaka, halafu mawe makubwa, halafu ziwa. Ukumbi ulikuwa karibu na maji, na upepo uliingia dirishani ukipeperusha karatasi. Waimbaji walikuwa kama arobaini, kutoka sharika mbalimbali. Tukaketi benchi la mwisho kabisa. Mafuru alikuwa mbele, viatu vyeupe, pembeni ya Mwalimu Nyangeta, na hakutuona.

Walianza sauti moja moja. Ya kwanza safi. Ya nne, ya tatu, safi. Ya pili peke yake nayo ikapita, maana fa ukiiimba peke yake haina ubaya wowote. Kisha Mwalimu Nyangeta akagonga uma wake kwenye goti akasema, "Wote."

Mstari wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili mzuri. Wa tatu ukaja, na ukumbi mzima ukakunja uso. Ilikuwa kama kusikia kijiko kinakwaruza sufuria. Waimbaji wengine walicheka, wengine wakanyamaza kwa kudhani ni wao.

"Tena," akasema Mwalimu Nyangeta. Ikawa vilevile. Akamgeukia Mafuru. "Kuna mdudu mstari wa tatu. Mtunzi, tutolee."

Mafuru akasema sauti ya pili hawajaushika. Akawaimbisha peke yao. Safi. Akawaunganisha. Kijiko kwenye sufuria. Akasema labda ni sauti ya tatu. Akawabadilisha hao. Ikawa mbaya zaidi. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye shati, naliona mgongoni linapanuka kama ramani. Aliishika ile karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikaelewa kitu ambacho watu wazima arobaini walikuwa wanakielewa dakika ileile: hajui kuisoma. Miaka yote hiyo wanakwaya wenye kujua nota ndio waliomsomea, yeye akaimbisha kwa sikio. Nota zilikuwa kwake mapambo tu.

"Mwalimu Mafuru," alisema Mwalimu Nyangeta taratibu, "si waimbaji. Ni karatasi. Wimbo ni wako. Badili nota moja tu, tuendelee."

Mafuru alisimama na kalamu mkononi. Nadhani alikuwa anatafuta popote pa kuiweka.

Mama akasimama. Alisimama polepole, akanyoosha gauni lake, akasema bila kupaza sauti, "Andikeni mi. Pote penye fa kwenye mstari ule, andikeni mi."

Kalamu zikakwaruza. Mwalimu Nyangeta akagonga uma. Wakaimba, na ule mstari ukafunguka, sauti arobaini, na ziwa nje. Nilimwona yule mama mkali akivua miwani.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mwenye wimbo," Mama akasema. "Fa nilimwandikia makusudi. Mtu anayeujua wimbo wake angeiona kabla wino haujakauka. Yeye aliniambia ni nzuri sana."

Kuna watu watasema angemwita pembeni. Mimi nilikuwepo, na nasema hapana. Alimwibia mbele ya watu, akamcheka mbele ya watu. Nilimtazama Mafuru akitafuta mlango kwa macho, na nilijisikia nimeshiba, kama mtu aliyekula ugali na nyama baada ya kufunga. Sijashiba hivyo tena maishani.

Mwalimu Nyangeta alikata jina kwa mstari mmoja, akaandika jina la Mama juu yake, jina lake kamili alilobatizwa nalo Butiama, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silisikii mara kwa mara. Ndivyo lilivyochapwa. Habari ikafika Bunda kabla yetu. Wazee walikuja nyumbani wakiwa watano, wakakaa kwenye mkeka, wakasema maneno mengi, wakaleta joho. Mama alilipokea, akalifungua, akalitazama pindo. Lilikuwa limeota ukungu mahali lilipokunjwa bichi. Akawarudishia. "Lifueni kwanza," akasema. Wakaenda wakalifua.

Mafuru aliondolewa kwenye kwaya na akazuiliwa meza ya Bwana mpaka apatane na aliyemkosea. Lakini Mama naye, kwa utaratibu wetu, asingeweza kuiendea meza ilhali ana kinyongo na mtu. Mchungaji alimwambia. Mama akasema anajua, na akabaki kwenye kiti chake, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakipita mbele kupokea mkate. Binti wa mwinjilisti. Niliona jinsi alivyoshika kiti kwa mikono miwili. Bado hakusimama.

Mwisho mchungaji alimleta Mafuru nyumbani. Hakuwa na viatu vyeupe. Alipiga magoti uani, kwenye maganda ya pamba, mtu mzima, na akasema nimekosa, Mama Magesa, nimekosa. Mchungaji alimtazama Mama kwa matumaini.

"Nitakusamehe," Mama akasema, "ukisimama kanisani peke yako ukaimba sauti ya pili, mwanzo mpaka mwisho. Bila kinanda. Bila kwaya."

"Siijui," Mafuru akasema.

"Atakufundisha huyu." Akaninyooshea kidole mimi. "Mimi nina pamba."

Watu wa Bunda wakisimulia habari hii husimulia ile Jumapili alipoimba. Husema alisimama mbele mikono pembeni, akaimba sauti ya katikati, ile isiyopendeza peke yake, mbele ya watu waliokuwa wanamjua kwa kupanda juu. Husema walilia. Husema Mama alitoka kwenye benchi, akampa mkono, wakaenda mezani pamoja, na tangu siku hiyo hakumsema vibaya. Ni kweli yote. Mama alisamehe. Mimi sikuombwa.

Ninachokikumbuka mimi ni Jumamosi zilizotangulia. Alikuwa akija mchana, anakaa kwenye kigoda kile, na mimi kwenye kiti cha Mama, miguu yangu haifiki chini. Sikio lake lilikuwa limezoea kupanda. Kila tulipofika mstari wa tatu alikuwa anavutwa juu na sauti ya kwanza ambayo haikuwepo, na mimi nikamkata. Nilimkata katikati ya neno. Nilimkata akiwa amefumba macho. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa nampenda baba yako, unajua? Nilipousikia ule wimbo nilitamani uwe wangu, ndiyo hivyo tu." Nikamwambia aanze mwanzo.

Jumamosi ya mwisho Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Mafuru alisimama, akafuta mdomo, akaimba. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akafika, na hakupanda. Alikaa kwenye mi, mi, mi, ametulia kabisa, machozi yakimtiririka mashavuni asiyafute, mpaka nota ya mwisho. Hakukosea hata mahali pamoja. Jikoni mwiko ulikuwa umesimama. Alinitazama, akihema, akingoja.

Nikamwambia, "Rudia."